Kuupima Utafiti wa Kisosholojia: Mwongozo kutoka Nakivale na Biharwe

Utafiti wa kisosholojia, yaani uchunguzi wa namna watu wanavyoishi pamoja, wanavyogawana walichonacho na wanavyowekeana kanuni, haupimwi kwa unene wa ripoti wala kwa wingi wa majedwali. Hupimwa kwa njia iliyopitiwa na jibu la mtu mmoja tangu lilipotamkwa mlangoni pake hadi lilipochapishwa kuwa tokeo. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, yanafaa kuwa mizani ya kazi hiyo, kwa kuwa yamepokea watu tangu mwaka 1958, kwanza Wanyarwanda, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na kila kundi limekuja na lugha yake na sababu zake za kusema au kunyamaza.

Jambo la kwanza la kukaguliwa ni sampuli, yaani kundi dogo linaloteuliwa ili liwakilishe kundi kubwa. Mtafiti asiyetoka nje ya kanda ya Base Camp, penye ofisi, maduka na Wasomali wengi, ataandika kwamba Nakivale ni soko, ilhali aliyekaa na wakulima wa kanda za Juru au Rubondo ataandika kwamba ni shamba. Wote wawili watakuwa wamesema kweli kuhusu walichokiona, na wote wawili watakuwa wamekosea wakikiita hicho Nakivale nzima.

Ubora wa kazi, hata hivyo, hujulikana zaidi katika lugha, na hapo ndipo ripoti nyingi huanguka kimyakimya. Neno “posho” linatosha kuwa mfano: katika Kiswahili sanifu ni chakula cha siku au fedha za matumizi anazopewa mtu, lakini nchini Uganda watu wengi wakilisikia huona sahani ya ugali wa mahindi. Dodoso, yaani orodha ya maswali yaliyoandikwa ili kila mtu aulizwe kwa namna moja, likiuliza kama posho inatosha, Mkongo aweza kujibu kuhusu mgao wote wa mwezi na jirani yake akajibu kuhusu unga peke yake, kisha majibu hayo mawili yakajumlishwa kana kwamba waliulizwa swali moja. Neno “kaya” nalo lina mtego wake, kwa sababu walioandikwa katika kadi moja ya mgao si lazima wawe ndio wanaokula chungu kimoja, na kijana anayefanya kibarua mjini Mbarara na kutuma fedha nyumbani huweza kuhesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa. Mtafiti hodari humpa mtu mwingine tafsiri ya dodoso ili airudishe katika lugha ya awali, hulijaribu kwa watu wachache kabla ya kazi yenyewe, na humweleza msomaji wake maneno yaliyomsumbua.

Baada ya lugha huja hofu na matumaini. Mkimbizi amekwisha kusimulia habari zake mbele ya maofisa wanaoamua hadhi yake, na simulizi hiyo imezoea kutembea katika mkondo mmoja. Hivyo mgeni mwenye kalamu huweza kudhaniwa kuwa analeta mgao au nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, akajibiwa kulingana na dhana hiyo. Kibali cha Baraza la Kitaifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda na idhini ya kamati ya maadili ni masharti ya kuingia kazini, wala si uthibitisho wa ubora. Ridhaa ya kweli, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelewa, huonekana pale ambapo ripoti inakiri kwamba wapo waliokataa na hawakupoteza chochote.

Mfano wa kazi inayostahili kusomwa kwa makini ni uchunguzi wa uchumi wa wakimbizi uliochapishwa mwaka 2014 na Alexander Betts na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliowahoji wakimbizi 1,593 Kampala, Nakivale na katika makazi mengine ya Kyangwali. Nguvu yake ni kwamba ulitanguliza mazungumzo ya kina kabla ya dodoso na kuwafunza wakimbizi wenyewe kuwa watafiti. Hata hivyo, tokeo lake linalonukuliwa zaidi, kwamba asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara inayoajiri angalau mtu mmoja, linahusu Kampala, na anayelipeleka Nakivale huwa ameliharibu, kwa sababu mji mkuu na makazi ya mashambani havina soko moja.

Kuhusu ushahidi wa masimulizi, hakuna darasa zuri kuliko Biharwe, kando ya barabara itokayo Mbarara kwenda Masaka. Mnara uliopo hapo unakumbuka kupatwa kwa jua ambako, kwa mujibu wa mapokeo, kulimtisha Omukama, yaani mfalme, Olimi wa Bunyoro akakimbia na kuacha ng'ombe aliowateka katika ufalme wa Nkore. Mnara unalitaja tukio hilo kuwa la tarehe 17 Aprili 1520, kwa kuoanisha mapokeo na hesabu za wanaastronomia, lakini mwanahistoria John Gray aliliweka mwaka 1492. Tofauti hiyo haiyafanyi mapokeo kuwa uongo. Inaonyesha kwamba ushahidi wa nje husaidia kuchagua kati ya majibu yanayowezekana, na kwamba aliyechagua anawiwa kueleza kwa nini aliyaacha mengine.

Msomaji anayepewa ripoti kuhusu wakimbizi aanze basi na sura ya mbinu, atafute nani aliuliza, kwa lugha gani na mbele ya nani, na asipoyaona hayo asikubali itumike kuamua mgao wala ardhi ya mtu yeyote.