Kinywa cha Punda Mzee

Punda mzee anaweza kufa njaa huku hori limejaa majani. Mwenyewe hupita asubuhi, akaona majani hayajapungua, akasema uzee umemshika, hana hamu tena. Hamu anayo. Kinachomshinda ni kutafuna.

Sifa zangu leo ni za watu wanaojua kuangalia humo kinywani. Mgongo wenye kidonda kila mpita njia anauona, na mguu unaochechemea unaonekana toka mbali. Magego yamejificha nyuma ya mashavu, na jino la punda, kama la farasi, halikomi kuchomoza: kila mwaka husogea nje milimita 2 au 3, na kila mwaka majani makavu na mchanga hulila kiasi hichohicho. Tena taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego hayaliki sawasawa. Ya juu huota ncha kali upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi, na mnyama akitafuna anajikata mwenyewe. Akivuka miaka 20, akiba ya jino iliyokuwa ndani ya taya inakaribia kwisha. Gego linalegea, linang'oka, na lile lililokuwa likisagana nalo linakosa mwenziwe, linarefuka mpaka linachoma ufizi wa upande wa pili.

Anayeinama huziona dalili. Chini ya hori yapo mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu, yamelowa mate. Kinyesi kina nyuzi ndefu. Shavu limejaa upande mmoja, ukadhani ni jipu, kumbe ni chakula kilichokwama tangu juzi. Pumzi inanuka.

Hapo ndipo anapoitwa mtu wa tupa. Mnyama hutulizwa kwa sindano ikibidi, kinywa hushikiliwa wazi kwa chuma maalumu, na tupa yenye mpini mrefu huingizwa hadi gego la mwisho. Huko nyuma ni giza, na kazi hufanywa kwa vidole zaidi ya macho: fundi anapapasa, anasugua mara mbili tatu, anapapasa tena. Mwanagenzi hutaka kusawazisha kila kitu. Lakini gego la punda ni jiwe la kusagia. Likilainishwa mno halisagi kitu. Na kwa mzee jino lililobaki ni kidogo, hivi kwamba ukiondoa milimita 3 kwa pupa umekula akiba ya mwaka mzima. Fundi hodari huiondoa ncha inayokata, basi, akatoa mkono. Mimi humhusudu hasa kwa pale anapoacha.

Mjini Lamu, ambako gari halipenyi vichochoroni, saruji, mchanga na mawe ya kujengea bado hupanda shogini. Mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen huko Devon, Uingereza, mwaka 1969, lilifungua zahanati ya punda mjini humo, na punda wakatibiwa bila malipo. Hilo la bure lina uzito. Kijana anayekula kwa mgongo wa punda mmoja hawezi kulipia meno ya punda huyo kabla hajanunua unga wa nyumbani, na kumlaumu kwa hilo ni rahisi kwa sisi tusio na punda.

Watu wetu husema fadhila za punda ni mateke. Msemo huu ni uonevu mtupu. Punda ni mnyama wa kuvumilia. Huficha maumivu hata mwenye jicho kali akadanganyika, na anapofikia kurusha teke mara nyingi mkono umegusa mahali palipokuwa pakimuuma siku nyingi. Anayeijua vizuri siri hii ni mkata kwato. Kwato za punda hukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 10, na punda mwenye yabisi ya viungo hawezi kusimama kwa miguu mitatu kwa muda mrefu. Asiyejua huuinua mguu mpaka usawa wa goti lake mwenyewe, punda akarusha, kisha akatukanwa. Ajuaye hujishusha yeye: anachuchumaa, anainua mguu shibiri moja kutoka ardhini, anakata kidogo, anaurudisha chini punda apumzike, anaanza tena.

Kwa chakula sheria ni fupi. Majani yakatwe mafupi na kulowekwa mpaka yalainike, yatolewe kidogokidogo mara nyingi kwa siku. Pumba zisizidi, maana zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mnyama anayelishwa pumba tupu hudhoofika mifupa. Nafaka nyingi nazo huleta uvimbe ndani ya ukwato, ugonjwa ambao maumivu yake humfanya asitake hata kupiga hatua. Dawa ya minyoo apewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Hayo yanajulikana.

Lisilojulikana sana ni hili: punda aliyeacha kula siku moja au mbili tu yumo hatarini, hasa akiwa mnene. Mwili wake huanza kuyeyusha mafuta kwa wingi, mafuta yakafurika kwenye damu, ini likashindwa, na baada ya hapo kumwokoa ni kazi ngumu. Huzuni peke yake inatosha kumfikisha huko. Punda hushikana wawiliwawili, na mmoja akifa mwenziwe huweza kususa chakula. Kwa hiyo wataalamu hushauri aliyebaki aachwe karibu na mzoga mpaka aondoke mwenyewe. Mchunga punda anayengoja saa nzima hivyo, huku jirani wakimcheka, anafanya kazi ya tiba.

Je, punda mzee apumzishwe kabisa? Hapana. Viungo vyenye yabisi vinataka mwendo. Mzee apewe madumu mawili ya maji na njia fupi ya tambarare, mawe wabebe vijana.

Farasi maarufu kwa uzee ni Old Billy wa Uingereza, anayesemekana kuzaliwa 1760 na kufa 1822, akiwa na miaka 62, mingi kati yake akivuta mashua za mizigo kandokando ya mto Mersey. Fuvu lake liko jumba la makumbusho la Manchester, na kichwa chake kilichokaushwa kiko Bedford. Kufanya kazi muda wote huo hakukutosha, wakakigawana hata kichwa. Kwetu punda wengi wa kazi hawafiki hata nusu ya umri huo, ingawa punda aliyetunzwa vizuri huweza kuvuka miaka 30. Na miaka ya karibuni uzee wenyewe ulipata adui mpya, biashara ya ngozi zinazochemshwa kutengenezea ejiao, dawa ya jadi ya Kichina. Mzee asiyebeba tena akawa na bei akiwa amekufa. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Ni uamuzi wa haki, ila marufuku hayasugui meno ya punda yeyote.

Wewe mwenye punda aliyepita miaka 15, usingoje akonde. Mpeleke kwa mtaalamu kinywa kikaangaliwe angalau mara moja kila mwaka, na akivuka 20, mara mbili. Na leo jioni, kabla hujafagia chini ya hori, inama kwanza utazame alichotema.