Sifa za Ukuta

Miongoni mwa fani zote ambazo tarakilishi imewaletea wahandisi wa majengo, hakuna inionyeshayo adabu ya elimu kuliko ile ya kuuliza ukuta una sifa gani kabla ya kuzijaza sifa zenyewe. Fundi huandika mistari michache ya Python, akaifungua maktaba huria ya IfcOpenShell, akalitaja fungu la sifa liitwalo Pset_WallCommon. Na mara huorodheshewa yale ambayo jumuiya ya buildingSMART, katika kanuni iliyothibitishwa kwa namba ISO 16739, imeafiki kuwa ukuta wowote duniani waweza kuulizwa: je, wabeba uzito, je, ni wa nje, wahimili moto kwa daraja gani, joto hupenya kwa kiasi gani. Na kila suali huja na sharti la jibu lake, kwa kuwa la kwanza hutaka ndiyo au siyo, na la mwisho hutaka hesabu.

Basi na afanye hivyo mtu achoraye zahanati iliyokwisha kujengwa katika bonde la Kilombero, ambako mtaalamu Mswisi Rudolf Geigy wa Basel aliasisi maabara pale Ifakara katika miaka ya 1950, ile iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, na ambako wataalamu wamebainisha kwa miaka mingi kwamba mbu wa malaria aghalabu huingia nyumbani kwa ule mwanya wa upenuni, baina ya ukuta na paa. Atalipekua fungu la ukuta, kisha la dirisha, wala hataona suali la upenu wala la wavu.

Hapo ndipo ninapoistahi kanuni hii zaidi, maana haikujidai kujua yote: yamruhusu fundi kutunga fungu lake mwenyewe, mradi jina lake lisianze kwa Pset_, herufi zilizohifadhiwa kwa mafungu yaliyoafikiwa na wote. Akiisha kulitunga, akauliza kuta zote za mchoro wake kama upenu umezibwa, nyingine zitajibu ndiyo, nyingine siyo, na nyingine zitarejesha None, yaani hazikujazwa kitu. Na hizi za mwisho asithubutu kuzihesabu pamoja na zile za siyo, kwani hajui bado kama upenu wake u wazi au umezibwa, na yampasa apande ngazi akautazame.