Raba ya Kujazia Maunting ya Dizeli: Ipime Kabla ya Kuilipia

Injini ya dizeli ya silinda nne ikiwa kwenye sailensa, mizunguko 900 kwa dakika, hulipuka mara 30 kila sekunde. Mgandamizo wake unakaribia maradufu ya ule wa petroli, kwa hiyo kila mlipuko unaitikisa injini kwelikweli. Kinachouzuia mtikisiko huo usifike kwenye usukani ni mpira wa maunting pamoja na nafasi tupu zilizoachwa makusudi ndani ya mpira huo. Raba ya kujazia hukaa ndani ya nafasi hizohizo. Unanunua kitu cha kuziba pale ambapo mhandisi alipaacha wazi, na ndiyo maana inafaa uichague kwa jicho kali.

Chukua Golf ya kizazi cha tano yenye injini ya TDI ya lita 1.9. Injini imekaa kwa kukingama. Maunting mbili za juu, moja upande wa injini na nyingine upande wa giaboksi, hubeba uzito. Ya tatu iko chini: mkono mfupi unaoshika giaboksi na kuiunganisha na fremu ndogo ya mbele. Huo haubebi uzito. Kazi yake ni kuizuia injini isijipindue unapokanyaga mafuta. Injini hiyo ya nguvu farasi 105 hutoa msokoto wa Nm 250 mapema tu, kwenye mizunguko 1,900, na gia ya kwanza huuzidisha zaidi ya mara kumi. Mpira wa mkono wa chini ukilegea, utasikia kishindo ukiachia klachi, na kwenye foleni gari litakwenda kwa kurukaruka. Hapo ndipo raba ya kujazia ina kazi, na ni hapo chini peke yake. Muuzaji akikushawishi ukaze na zile mbili za juu kwenye gari la dizeli la kutembelea, mwache na mali yake.

Swali la kwanza dukani liwe ugumu. Hupimwa kwa kipimo cha Shore A, kuanzia 0 hadi 100, na raba isiyo na namba hiyo si ya kununua. Kama huna chombo, bonyeza ukucha kwenye uso wa tairi la gari dogo, ambalo kwa kawaida huwa kati ya 60 na 70, kisha ubonyeze raba, tofauti utaihisi. Usidanganyike na rangi. Powerflex ya Uingereza hutumia zambarau kwa 80 na nyeusi kwa 95, ila kiwanda kingine kinaweza kuipa rangi hiyohiyo maana tofauti kabisa. Kwa dizeli sivuki 80, na 70 ikipatikana naichukua kwanza. Raba ya 95 inaweza kuvumilika kwenye petroli ya michezo, lakini kwenye dizeli italiza dashibodi kwenye kila taa nyekundu.

Umbo nalo lina uzito sawa na ugumu, ingawa wanunuzi wengi hawalitazami. Raba iliyofikiriwa vizuri haijazi tundu lote. Ina vidole vinavyoingia pande mbili za kiini cha maunting na kuacha upenyo mdogo, ili kwenye sailensa mpira wa asili uendelee kucheza, na raba ishike pale tu injini inapovuta. Ijaribu: paka grisi ya silikoni kidogo, uisukume kwa kiganja. Ikidai nyundo, ujue imekwisha kuukandamiza mpira kabla gari halijawashwa.

Igeuze mwangani. Usitake mapovu, kingo zilizochanika wala uso unaonata, kwani kunata ni dalili ya mchanganyiko usioiva. Uliza pia aina ya poliyurethani. Ya esta hustahimili mafuta vizuri lakini huchakaa mapema kwenye maji na unyevu wa joto. Ya etha huuhimili unyevu huo zaidi. Mwenye gari Mombasa au Dar es Salaam atafute etha, mradi kwanza azibe mvujo wowote wa oili.

Raba hii haiponyi maunting iliyokufa. Mpira ukiwa umepasuka hadi kwenye chuma, badilisha mkono mzima. Chungulia na zile za juu: za dizeli nyingi zina maji maalumu ndani, na alama nyeusi ya kuvuja humaanisha zimekwisha.

Bolti za mkono huo hunyooshwa zinapokazwa, basi nunua mpya. Fundi aitikise injini ikae mahali pake kabla ya kukaza mara ya mwisho. Kisha washa gari, fungua kiyoyozi, utazame kioo cha pembeni. Kikitetemeka mpaka picha ipotee, halafu kikatulia kwenye mizunguko 1,200, raba ni ngumu mno au imebana. Ipe kilomita mia chache ilainike. Isipolainika, itoe, na ukiona mtetemo umebaki palepale hata baada ya kuitoa, mpeleke fundi kwenye nozeli na flaiwili.