Nusu Saa ya Giza

Bika iko juu ya kikorogeo cha sumaku. Taa imezimwa, na maji yaliyomo yanafanana na maziwa yaliyotiwa wino. Ndani mna methilini buluu, rangi inayotumika sana kujaribia kazi ya kusafisha maji kwa mwanga, pamoja na gramu moja ya titani dioksidi kwa kila lita, unga wa kemikali ileile inayotia weupe katika rangi za ukutani. Kwa nusu saa mtaalamu hafanyi lolote. Anangoja, na kwangu mimi heshima ya kazi yake imo katika kungoja huko.

Chembe za unga huo ni ndogo mno, kila moja kama sehemu ishirini kati ya milioni za milimita moja. Ungeweza kuzitandaza nyuso za gramu moja tu, ungefunika mita za mraba 50 hivi, yaani vyumba vitatu vikubwa. Rangi hunata humo. Lakini kunata si kuangamia: uchafu umehama tu kutoka majini na kuganda kwenye chembe. Anayewasha taa mapema atausifu mwanga kwa kazi ambayo giza lilikuwa tayari linaifanya.

Hata kunata kwenyewe kunataka jicho. Maji yakiwa na pH ya 6 hivi, uso wa chembe hauna chaji ya ziada. Matone machache ya magadi huufanya hasi, nao huivuta methilini buluu ambayo ni chanya. Asidi kidogo, na chembe zinaisukuma.

Ndipo taa ya urujuanimno huwashwa. Mwanga huinua elektroni ndani ya chembe na kuacha tundu nyuma yake. Mara nyingi viwili hivyo hurudiana papo hapo na nguvu yote ikaishia kuwa joto. Vichache vinavyonusurika huzaa radikali za haidroksili, na hizo huitafuna molekuli kipande kwa kipande. Akira Fujishima na Kenichi Honda ndio waliotangaza mwaka 1972 kwamba titani dioksidi ikimulikwa inaweza kuyapasua maji. Kusafisha uchafu kulifuata baadaye.

Buluu ikishatoweka, wengi wangefunga daftari. Fundi halisi hafungi. Anajua kuwa methilini buluu ikipokea elektroni hupoteza rangi bila kuvunjika, na ikikutana na hewa buluu hurudi. Kwa hiyo anapima kaboni iliyobaki majini. Anatafuta salfeti na naitreti, maana salfa na naitrojeni zilizofungwa ndani ya rangi lazima zitoke zikiwa kitu fulani. Tena ana bika nyingine mbili za kulinganishia: moja ina unga bila mwanga, nyingine mwanga bila unga.

Huko Almería, Hispania, kazi hii imetolewa maabara na kupelekwa juani, kwenye mirija ya kioo iliyokumbatiwa na vioo vilivyopinda, kwa kuwa sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua, kama asilimia 5, ndiyo urujuanimno. Unga ukimaliza kazi, pH hurudishwa pale ambapo chaji hupotea. Chembe zinaacha kusukumana, zinashikana, zinazama.

Basi ukionyeshwa maji yaliyokuwa na rangi na sasa yanang'aa, usiulize yamechukua dakika ngapi kung'aa. Uliza kaboni iliyobaki ni kiasi gani.