Ua Linalotokea Chini ya Kikapu

Aliyepanda Stanhopea kwenye chungu, akamwagilia mwaka hadi mwaka bila kuona ua, asiulaumu mmea. Huenda ua lilishatoka, likaozea ndani ya chungu.

Okidi hii ni ya misitu ya Amerika ya kitropiki, kuanzia Mexico hadi Brazil. William Jackson Hooker alichapisha jina lake mwaka 1829, nalo ni kwa heshima ya Philip Henry Stanhope, aliyeongoza chama cha mimea ya dawa cha London. Hukaa juu ya matawi, mizizi ikishika gome bila kuunyonya mti. Kila shina limevimba, maana ndilo ghala la maji, na juu yake lina jani moja pana lenye mikunjo. Okidi nyingi za madukani hupandisha kikonyo cha maua; hii hukishusha. Kikonyo huanzia chini ya shina, hupenya katikati ya mizizi na kutokeza upande wa chini wa tawi, maua yakabaki yananing'inia. Kwenye chungu hugonga kitako na kukwama hapo.

Sababu ya ua kutazama chini ni nyuki. Wanaolizuru ni madume wa jamii ya Euglossini, wengi wakiwa na rangi ya kung'aa ya kijani au buluu. Hawafuati asali, kwani ua halina. Wanafuata harufu yenyewe: huikwangua kwa miguu ya mbele na kuihifadhi ndani ya miguu ya nyuma, kisha huitumia wakati wa kutafuta jike. Sineoli, ambayo ndiyo harufu kuu ya mafuta ya mkaratusi, ni miongoni mwa kemikali zinazowavuta sana.

Mdomo wa ua ni laini kama uliopakwa nta. Dume anayekwangua huteleza na kuanguka kupitia upenyo mwembamba kati ya mdomo na nguzo ya uzazi, huku pembe mbili za mdomo zikimzuia asitoke kando. Akipita, vifungu vya chavua hunata mgongoni mwake. Akianguka katika ua jingine, chavua hunaswa na sehemu ya ua hilo inayoipokea. Kwa ufundi huu, ua lililoinuliwa juu lisingefaa kitu. (Stanhopea ecornuta haina pembe hizo.)

Uhai wa ua ni siku mbili tatu tu, kwa hiyo harufu hutolewa kwa wingi, hasa asubuhi.

Kwa mkulima, dawa ni kikapu cha waya chenye matundu mapana, au cha vipande vya mbao vilivyoachana. Tandika makumbi ya nazi, lakini kwa tabaka jembamba; ukiyashindilia umerudisha chungu kwa mlango wa nyuma. Kitundike kivulini penye upepo na unyevu, juu ya usawa wa macho. Ukiona ncha imetokeza chini yake, usiikate kwa kudhani ni mzizi: kikonyo cha maua huwa kinene na kimefunikwa na magamba makavu.