Stampu ya Ramani: Uzuri Wake na Kosa Lake

Wako wasemao ya kuwa stampu si kitu cha kupimwa kwa maneno, kwa kuwa ni kipande cha karatasi tu. Walakini stampu ina picha, na juu ya picha ina bei, nayo bei ni ahadi. Basi ni haki kuuliza kama picha na ahadi zapatana.

Tuitazame stampu ya Kanada ya senti 2, iliyotolewa Desemba 1898. Ilitolewa kwa sababu gharama za barua zilipunguzwa: tangu Krismasi ya mwaka ule barua ya nusu aunsi ilikwenda Uingereza kwa senti 2, na kwanza ilitozwa senti 5. William Mulock, mkuu wa posta wa Kanada, alilishindania jambo hili. Huko Uingereza alilitetea John Henniker Heaton, mjumbe wa Bunge. Kazi yao ilikuwa njema, maana mtu wa mali chache aliyetengwa na nduguye kwa bahari alipata kumwandikia.

Picha yenyewe ni ramani ya dunia, na nchi za dola ya Kiingereza zimepakwa rangi nyekundu. Mchoro ni safi, wapendeza macho. Lakini mfikiri mtu wa Kanada mwenye ndugu katika Rasi ya Tumaini Jema. Aitazama stampu, aona kusini mwa Afrika kumepakwa nyekundu kama kwao. Adhani senti 2 zatosha. Hazikutosha. Natal ilikubali bei mpya tangu mwanzo, bali Rasi ilikawia hata 1899. New Zealand ilikawia hata 1901, na Australia zaidi ya hapo. Hata hivyo zote zilipakwa rangi moja.

Hilo ndilo kosa lake. Katika nakala nyingine rangi imevuka mipaka wakati wa kupigwa chapa, hilo lasameheka. Lisilosameheka ni kwamba picha yatuambia nchi hizi ni za nani, wala haituambii barua yafika wapi kwa senti 2. Kama zingalipakwa nchi zilizokubali tu, ramani ingalikuwa na mapengo, na fahari yake ingalipungua. Lakini mwenye barua angaliweza kuitegemea.

Basi, msomaji, uonapo tangazo la bei lililopambwa vizuri, lisifu kama lastahili, kisha uulize: bei hii yanifikisha wapi?