Heko, Wachoraji wa Majengo

Heko kwa mafundi wa mabango wa Majengo, hapa Moshi, wanaofundishana kuchora. Mmoja hurudi nyuma hatua chache, akatazama, akasema: mkono huo mrefu mno. Mwenzake hufuta, akaanza upya. Hufundishana kwamba kichwa cha mtu mzima huingia mara saba na nusu hivi katika urefu wake. Katika picha, kingo za barabara iliyonyooka huonekana kukutana kwenye upeo wa macho. Mkono huyashika hayo kwa kurudia, na kwa kukosolewa bila kununa, jambo ambalo naliheshimu zaidi. Hata mchoraji Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro aliyezaliwa 1923, alisomea sanaa Makerere, kisha London, akachora vijiji vya Wachagga. Mafundi hawa nao wapewe karatasi, na kuta za kuchorea.